Jelani, Muhidini na wazazi wanaookota majina

Safari hii, katika kujibu barua zenu kuhusu majina ya watoto, nimechagua zaidi maswali ya jina moja, Jelani, kwa sababu yamekuja mengi na karibu yote yameanza na "nimesoma mtandaoni". Wanaouliza tena maana ya Juma na Fatuma wanisamehe, hayo yameshajibiwa mpaka yamechakaa.

Nina mimba ya miezi saba, naishi Minneapolis. Mume wangu ni Mmarekani mweusi na amechagua jina Jelani. Anasema ni la Kiswahili na maana yake ni "mwenye nguvu". Mimi mtu wa Tanga sijawahi kulisikia neno hilo. Nani mkweli?

Dada yangu, jina tunalo, ila hiyo maana hatuna. Fungua kamusi yoyote ya Kiswahili, tafuta "jelani" yenye maana ya nguvu, hutaiona. Lakini nenda Bagamoyo au Ujiji ukamtafute mzee aitwaye Jelani au Jilani, hutakosa.

Jina hili asili yake ni mahali. Gilan ni mkoa wa Iran ulio kando ya Bahari ya Kaspi, mji wake mkuu ni Rasht, watu wake wanalima mpunga na chai. Huko ndiko alikozaliwa mnamo 1077 au 1078 Sheikh Abdulqadir, mwanachuoni wa Kiislamu ambaye jina hili ni lake. Akiwa kijana alikwenda Baghdad kusoma, akabaki huko akifundisha na kuwaidhi, na kaburi lake liko huko hadi leo. Waarabu katika maandishi yao hawana herufi ya "g" kama ya Waajemi, wakaandika Jilan, na mtu wa huko akawa Jilani. Basi Jelani ni "mtu wa Gilan", kama vile Bukhari ni mtu wa Bukhara na Shirazi ni mtu wa Shiraz.

Kwetu jina halikuletwa na wafanyabiashara wa Gilan, lililetwa na tarika, yaani njia ya kisufi. Wafuasi wa Sheikh ndio Kadiria, na zikiri yao wengi mnaijua hata kama hamuiingii. Sheikh Uways wa Barawa, Somalia, aliyezaliwa 1847, alisoma Baghdad kwenye chimbuko la tarika, kisha akafika Unguja zama za Sayyid Barghash. Bara aliyeijenga hasa ni Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliyeletwa Bagamoyo utotoni akiwa mtumwa kutoka upande wa Kongo na akafa 1931 akiwa shehe ambaye watu walimfuata kutoka mbali. Mtu aliyeanza kama mali ya wengine akamaliza kama kiongozi wao! Kwenye mizizi hiyo wazazi walianza kuwaita watoto Abdulkadiri, Kadiri, Jelani na Muhidini. Ndiyo, na Muhidini. Muhyiddin, yaani mhuishaji wa dini, ni lakabu ya Sheikh huyohuyo. Kwa hiyo kila mpenzi wa bendi ya Msondo aliyemshangilia marehemu Muhidini Maalim Gurumo amekuwa akilitaja jina lenye asili moja na Jelani bila kujua.

Sasa hiyo "nguvu" imetoka wapi? Wamarekani weusi walipoanza kutafuta majina ya Kiafrika katika miaka ya 1960 na 1970 walikipenda Kiswahili. Mwenzao Maulana Karenga alipoanzisha sikukuu yao ya Kwanzaa mwaka 1966 aliipa maneno ya Kiswahili, imani, umoja, kujichagulia. Ni heshima kubwa kwa lugha yetu na siwacheki. Ninaowacheka ni watengeneza orodha za majina wanaonakiliana makosa bila kumuuliza hata Mswahili mmoja. Mmoja akiandika "mwenye nguvu", mia wanafuata, na leo Mtanga anafundishwa Kiswahili chake na orodha.

Mwambie mumeo jina ni zuri, tena lina historia kubwa kuliko aliyoisoma. Mtoto akizaliwa mpigieni simu babu yake wa Tanga kabla ya siku ya saba, maana akisikia jina limeshaandikwa hospitali naye hakushirikishwa, hapo mtajua nguvu iko wapi.

Jelani, Jilani, Jailani, Jeylani, Gilani. Ipi ndiyo sahihi?

Zote. Wasomali huandika Jeylani, Waindonesia Jaelani, Wapakistani Gilani, kama Yousaf Raza Gilani aliyekuwa waziri mkuu wao 2008 hadi 2012. Iraq kuna Gaylani, na Rashid Ali aliyeshika serikali huko mwaka 1941 alikuwa wa jina hilo. Nchi nyingine za Kiarabu utakuta Kilani.

Swali lenye faida ni jingine: umeandika ipi kwenye cheti cha kuzaliwa? Ukishaandika Jelani, iwe Jelani kliniki, shuleni, kwenye usajili wa mtihani, kitambulisho cha taifa na pasi ya kusafiria. Nimeona vijana wakihangaika na viapo na hati za kubadili jina kwa sababu ya herufi moja, baba aliandika "i", mwalimu wa darasa la kwanza akasikia "e", na hakuna aliyejali mpaka siku ya kuomba mkopo wa chuo. Soma cheti kabla hujaondoka dirishani. Karani ana foleni nyuma yako, mtoto si wake.

Mimi ni Mlutheri wa Moshi. Nalipenda hili jina. Linaruhusiwa kwetu?

Muulize mchungaji wako kama ubatizo unahitaji jina jingine la pembeni, hayo ni yenu. Kwa upande wa lugha hakuna geti lililofungwa. Neema, Baraka, Rehema na Imani yote yana mzizi wa Kiarabu na yamejaa kwenye vitabu vya ubatizo Kilimanjaro nzima, wala hakuna aliyekatwa sikio.

Tofauti ni moja. Neema ni neno la kawaida, Jelani ni kumbukumbu ya mtu. Mwanao akishuka Tanga au Unguja atasalimiwa "asalamu alaikumu" kabla hajajitambulisha, na mwezi wa Ramadhani ataulizwa kwa nini anakula mchana. Kama hilo halikusumbui, endelea. Kama litakusumbua, usimpe mtoto jina kisha umfundishe kulikana.

Jina la mume wangu linaanza na J, langu na N. Nitengenezee jina la kiume linalotuunganisha.

Mmeshaunganishwa na mtoto mwenyewe.

Jelani ni maarufu kiasi gani? Sitaki mwanangu awe darasa moja na Jelani wanne.

Usiwe na wasiwasi. Kwetu Muhidini na Kadiri wako wengi zaidi, na Jelani mara nyingi utalikuta kama jina la baba au babu kuliko la mtoto wa chekechea.

Kuhusu takwimu, naombwa kila mara "namba ya mwaka huu" na kila mara nasema lilelile. Marekani idara ya hifadhi ya jamii huchapisha kila mwaka majina yote waliyopewa watoto watano au zaidi wa jinsia moja, na kumbukumbu zake zinaanzia 1880. Uingereza nao wana orodha yao. Ya kwetu sijaiona. Mtu akikuletea "majina 100 yanayoongoza Tanzania", muulize amehesabu wapi, kwenye simu ya shangazi yake?

Mmoja wa wanaojulikana kwa jina hili ni Jelani Cobb, mwandishi wa jarida la New Yorker, ambaye tangu 2022 ni mkuu wa shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Columbia. Ukiutaka mfano wa kumwonyesha mwanao, huyo anatosha.

Mtoto wetu Jelani ana wiki sita, analia kila jioni mpaka usiku. Mama mkwe anasema jina ni zito, halijamkubali, tumbadilishe. Tufanyeje?

Mpelekeni kliniki. Mtoto wa wiki sita anayelia jioni huenda ni tumbo tu, huenda hashibi, huenda ana homa, na hakuna hata moja kati ya hayo linaloponywa na jina jipya. Akiwa na homa, hanyonyi au amelegea, msingoje asubuhi.

Imani ya jina kumkataa mtoto ni ya kale na ipo pwani na bara, simvunjii heshima mama. Akitaka kumpa mjukuu jina la nyumbani, ampe, majina ya nyumbani hayaendi kwa msajili. Ila nimeshasikia habari za mtoto aliyebadilishwa jina mara mbili wakati alikuwa na nimonia. Hilo ndilo linalonitisha, wala si uzito wa Jelani.

Kama Jelani si nguvu, nipe jina la Kiswahili lenye maana ya nguvu. Nimeona Jabari.

Hapo orodha yako imepatia, kwa bahati. Jabari ni mwenye nguvu, shujaa asiyetishika. Lakini kwa Waislamu kuna jambo. Al-Jabbar ni miongoni mwa majina ya Mwenyezi Mungu, limo mwishoni mwa Sura ya Al-Hashri, aya ya 23. Akiitwa binadamu hivyo, mara nyingi ni kwa ubaya, yaani jeuri mwenye kuwakandamiza watu. Katika Sura ya Maryamu, aya ya 32, Nabii Isa anasema Mungu hakumfanya kuwa jabbari. Ndiyo maana wanavyuoni wanashauri Abduljabari, mja wa Mwenye nguvu. Kareem Abdul-Jabbar, yule mcheza kikapu, alipochukua jina lake mwaka 1971 hakuiacha hiyo Abdul. Wewe uliyezaliwa Kariakoo unaiacha ya nini?

Usiyekuwa Mwislamu na unayetaka nguvu tupu, chukua Jasiri au Hodari, watu wataelewa bila kamusi. Simba pia lipo na lina wenyewe, ila jiandae na utani wa watani wa jadi kila baada ya mechi.

Mwanangu ni Abdulkadiri, wenzake wanamwita Abdul. Kuna ubaya?

"Abdul" ni "mja wa", halafu kimya. Wafundishe wamwite Kadiri, kama tulivyozoea pwani, au Abdu. Na kama atazaliwa mdogo wake wa kiume, jina Jelani liko wazi.