Muuaji anajulikana, mbona hafungwi?

Ndugu, umeuliza kama mwandishi alikupunja kwa kumaliza riwaya huku muuaji akitembea huru. Mimi naona hapana, mradi tumeshajua nani kaua na kwa nini. Kwenye riwaya za ufisadi fumbo lenyewe ni nani anamlinda muuaji.

Chukua riwaya ya Mwitalia Leonardo Sciascia ya 1961 inayotokea kisiwani Sicily. Mkandarasi aliyekataa "ulinzi" wa mafia anapigwa risasi akipanda basi alfajiri. Abiria wanateremka kimyakimya na kuyeyuka, hakuna aliyeona kitu. Kapteni Bellodi, mpelelezi wa kesi hiyo, anaufuata uzi mpaka kwa kigogo, anamtia mbaroni. Kisha wanajitokeza watu waheshimiwa kuapa kwamba muuaji siku ile alikuwa kwingine kabisa, na kesi nzima inaporomoka. Bellodi yuko likizo kwao Parma, habari zinamkuta huko. (Mimi hapo nilikitupa kitabu kitandani. Nikakiokota baada ya dakika tano.)

Anayestahili lawama ni mwandishi anayetuficha ushahidi, halafu mwishoni anasingizia "mfumo". Hicho ulichosoma, dalili zilikuwemo tangu mwanzo? Kama zilikuwemo, hujapunjwa.