Tundu la swichi lililochanika kwenye dashibodi ya bati

Lichomelee, usilijaze puti. Puti tupu itapasuka ukingoni kwa mtikisiko wa gari, na swichi italegea tena. Nyoosha kwanza kingo zilizochanika, bana kipande cha shaba kwa nyuma, kisha jaza kwa vidoa vifupi vya MIG (mashine ya kuchomelea kwa waya na gesi), ukiacha bati lipoe kati ya kidoa na kidoa. Shaba haishikani na chuma, tena inafyonza joto, ndiyo maana bati halijikunji. Sawazisha kwa tupa, toboa upya kwa keekee. Betri uichomoe kabla ya yote.

Ila kama rangi bado ni ile ya kiwandani, tafadhali usiiunguze, hairudi! Hapo gundisha washa pana (kile kiringi bapa cha chuma cha kuwekea bolti) kwa nyuma kwa gundi ya epoksi.