Breki Zinazojifunga Zenyewe: Dada, Usikubali Fundi Akuzimie

Juzi nimeletewa ujumbe na msomaji wa Mtwapa, huku kwetu pwani ya Kenya, mama wa biashara kama mimi. Anasema: "Dada, gari nimelitoa yadi juzi tu. Kuna taa ya rangi ya chungwa haizimiki, ina kigari na neno OFF. Fundi asema ni yale mambo ya breki za Kijapani, hayana kazi huku kwetu, ataiziba na tepu mara moja. Nimruhusu?"

Jibu fupi ni usimruhusu. Jibu refu ndilo hili, na lina biriani ndani yake.

Wanaonijua wajua kazi yangu: napika kwa oda, hitima, arusi, maulidi, hata vikao vya maofisi ya mjini. Miaka ya kubebana na sufuria ndani ya tuktuk naipita, na habari za chama cha akiba na madeni pia nazipita, kwa sababu kila anayesoma hapa amezipitia au yumo ndani yake sasa hivi. Ilipofika siku ya kununua gari nilijua nataka Toyota Fielder, buti lake linameza sufuria mbili kubwa na sinia juu. Na nilitaka ile yenye breki za kujifunga zenyewe, gari likiona linakaribia kugonga.

Hapo ndipo nilipochekwa. Shemeji yangu, mbele ya watu barazani, akaniuliza: "Shemeji, kwani mguu wako una kazi gani?" Watu wakavunjika mbavu. Ati naongeza pesa kununua mguu wa pili. Nilinyamaza, lakini sijasahau, na leo mniwie radhi, lazima niseme.

Toyota walianza kuuweka mfumo huu wao katika magari yao ya Axio na Fielder mwaka 2015, lakini si kila moja ilipewa. Kwa hiyo yadini utakuta Fielder mbili, rangi moja, mwaka mmoja, na muuzaji atakuapia kuwa ni mapacha. Simama mbele ya gari, tazama juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma. Moja ina kijisanduku cheusi kimegandama pale, chenye jicho la kamera na vioo viwili vidogo vya leza. Ya pili haina kitu. Leza yapima umbali, kamera yatambua kilicho mbele, kompyuta yapiga hesabu. Ikiona unakwenda kugonga, kwanza yalia. Usiposikia, yafunga breki. Magari mengine hutumia rada iliyofichwa nyuma ya nembo, na Subaru wao huweka kamera mbili kama macho ya mtu.

Wenzetu wameshatoka kwenye kuchekana wameingia kwenye sheria. Japani ilianza Novemba 2021 kwa modeli mpya za kutengenezwa huko huko. Ulaya, tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa lazima liwe nazo. Marekani ilitoa amri mwaka 2024 na kuwapa watengenezaji mpaka Septemba 2029: gari lijisimamishe lisigonge lililo mbele yake hata kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, na limtambue mtu wa miguu mchana na usiku. Watengenezaji wakakimbilia mahakamani Januari 2025, wasema mtihani ni mgumu mno. Na ni Wamarekani hao hao, taasisi yao ya usalama barabarani inayolipiwa na makampuni ya bima, waliopata kwamba ajali za kugonga gari la mbele hupungua kama nusu kwa magari yenye breki hizi.

Sisi Kenya, kwa magari ya kutoka nje, sharti letu ni umri, gari lisizidi miaka minane, na usukani uwe kulia. Basi piga hesabu. Gari lililouzwa Japani chini ya sheria ile laweza kuteremshwa bandarini Kilindini miaka kadhaa baadaye, bado halijapita umri huo. Sheria ya watu yatufikia kwa meli, bure, na sisi twaipokea kwa tepu nyeusi.

Sasa biriani. Ilikuwa hitima ya Bamburi. Nimevuka daraja la Nyali, nakaribia soko la Kongowea, mwendo kama 40, na mnaijua Kongowea asubuhi: mikokoteni ya vitunguu, mahamali, bodaboda zatoka kila tundu. Mbele yangu matatu. Abiria mmoja akainua kidole upande wa pili wa barabara, na dereva akasimama pale pale, katikati, bila taa wala aibu. Mimi jicho lilikuwa kwenye kioo cha pembeni, kuna boda alikuwa akinibana. Nikasikia pii-pii-pii, na kabla mguu haujakanyaga breki sawasawa gari likajikaza kama mtu aliyevutwa kanzu. Nikamalizia mwenyewe. Kati ya bampa yangu na ile matatu usingepita mkono.

Buti likanguruma. Wali ulinusurika, mwajua wali wa biriani hukaa na sufuria yake. Masala ndiyo yaliyokwenda. Nyama, viazi, vitunguu vya kukaanga, zafarani ya bei ile, yote kwenye zulia la buti. Nilifika kwenye hitima na wali wa rangi tatu na masala ya kuhesabia vijiko, na mwenye shughuli hakunificha alichokuwa nacho moyoni. Malipo yalikatwa. Nililia garini, nasema kweli.

Jioni shemeji akasema, "Ungekuwa na gari la kawaida masala yangefika." Nikamwambia yangefika kweli, kwenye mgongo wa matatu.

Lakini mlango wa taabu ulikuja baadaye, na ndio unaomhusu huyu dada wa Mtwapa. Kokoto ilirushwa na lori barabara ya Malindi ikapasua kioo cha mbele. Nikaenda gereji moja, sitaitaja. Wakaweka kioo kipya, kizuri, kinang'aa, na kijisanduku kikabandikwa palepale kwa gundi. Kuwasha gari, taa ya chungwa. Nikauliza. "Kawaida hiyo, mama." Nikamwona kijana achukua tepu nyeusi, akata kipande cha ukubwa wa ukucha, aja nacho kwenye dashibodi yangu. Nilimshika mkono.

Kioo kikibadilishwa, kamera haitazami tena pale ilipokuwa ikitazama. Upotovu mdogo pale juu wazidi kuwa mkubwa kadiri itazamavyo mbali. Lazima isawazishwe: gari liwekwe mahali tambarare, upepo wa matairi uwe sawa, ubao wenye alama usimamishwe mbele kwa kipimo, kompyuta ichomekwe chini ya usukani. Nilipata gereji ya pili yenye vyombo hivyo, nikakaa pale kwenye kiti cha plastiki nikitazama kila kitu. Nililipa mara mbili kwa kioo kimoja. Taa ikazimika.

Kwa hiyo dada, usikubali tepu. Anza na bure: futa kioo, ndani na nje, hasa pale mbele ya kamera. Chumvi ya bahari yetu na vumbi vyatosha kuipofusha. Kama kuna stika au tinti imepita juu ya kijisanduku, ing'oe. Kama umefungiwa ngao ya chuma mbele na gari lako ni la rada, hiyo ngao ndiyo mchawi. Kisha zima gari, liwashe tena. Kwa magari mengi mfumo uliozimwa kwa kitufe hurudi wenyewe ukiwasha upya, hivyo taa isiyoondoka inasema kuna kitu kibovu, na kitu kibovu chatengenezwa, hakizibwi. Maandishi ya Kijapani yasikutishe, simu yako yatafsiri. Yule mama anayesema peke yake kila ukiwasha injini, yeye hana habari hizi, anadai tu kadi ya kulipia barabara za kwao.

Na usilale. Gari langu laona magari, halimwoni mtu wa miguu, ni la mfumo wa awali, na breki zake zajifunga kati ya kilomita 10 na 80 tu. Ukienda 50 wapita mita 14 kwa kila sekunde, mvua ya masika inanyesha, tairi limekwisha meno, kompyuta itafanya nini? Na aliye nyuma yako, boda na abiria wake wawili, hana kamera. Acha nafasi. Funga sufuria kwa kamba. Usikubali tepu.

Nasema kwa ukali kwa sababu tumeshaliona hili. Mwaka 2004 zilikuja sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati ule: mikanda na vidhibiti mwendo kwenye matatu. Wangapi walifunga mkanda kwa ajili ya askari, na kuuachia askari akishapita? Vidhibiti vingapi vilichezewa na mafundi hawa hawa? Jamani, hatuwezi kuomba usalama msikitini na kanisani kisha tukauzima gereji.

Shemeji sasa anatafuta gari. Jana kanitumia picha za Fielder mbili kutoka yadi moja ya Changamwe, aniuliza ipi ni nzuri. Hakutaja habari ya mguu, nami sikumkumbusha. Nimemwambia arudi apige picha ya kioo cha mbele, juu, kwa karibu, kisha awashe gari anipigie ya dashibodi. Bado namsubiri.