Intaneti Yenye Kasi Kijijini: Anzeni na Nauli Zinazokwenda Mjini

Ninaendesha steshenari katika kata moja ya wilaya ya Tandahimba, mkoani Mtwara, na nimefanya kazi hii tangu mnara wetu ulipokuwa unatosha kwa simu na ujumbe mfupi tu hadi sasa tunapopata 4G, yaani intaneti yenye kasi. Ushauri wangu kwa vijiji vinavyosubiri huduma hiyo ni kwamba vianze na mambo yanayowalazimu watu wao kupanda basi kwenda mjini, kwa sababu huko ndiko fedha ya kijiji inakovujia.

Mfikirie kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu. Anajaza maombi kwenye mfumo, anachapisha fomu, anaipeleka kwa mdhamini na serikali ya kijiji, kisha kurasa zilizosainiwa zinaskaniwa na kupakiwa tena mfumoni pamoja na vyeti. Zamani mfumo ulikuwa ukitutoa nje kabla kurasa hazijapanda, na mzazi alilazimika kuuza mbaazi alizoweka kwa ajili ya chakula ili mtoto apate nauli ya kwenda Mtwara mjini na fedha ya kulala. Leo kazi hiyo inakamilika kwenye kaunta yangu, na mbaazi zinabaki nyumbani. Kwa hiyo, mnapopima mtandao, msiangalie kasi ya kupakua peke yake. Pimeni kupakia, tena jioni, wakati watu wengi wako hewani.

Jambo ninalolipigania zaidi ni zabuni. Tangu mwaka 2023 manunuzi ya umma yanapitia NeST, mfumo wa serikali wa zabuni kwa mtandao, na sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi hayo kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Darasa linapojengwa katika kata yenu, kikundi cha mafundi wa hapohapo kinaweza kushindania kazi hiyo, lakini kikundi kisichoweza kufungua mfumo wala kupakia nyaraka kabla ya muda kufungwa hakimo kabisa, hata kama mafundi wake ni hodari kuliko wa mjini. Wasaidieni wajisajili mapema, kwa maana usajili wenyewe unataka nyaraka nyingi.

Kwenye korosho, niseme kwa uangalifu: kasi ya intaneti haipandishi bei, kwa kuwa bei inategemea wanunuzi na ubora wa mzigo. Faida yake ni kwamba karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, anatuma taarifa za malipo bila kusafiri, na mkulima anajua bei ya mnada mapema.

Kama hamjafikiwa, andikeni maombi kupitia mkutano mkuu wa kijiji, yapite kwenye kata hadi halmashauri, na mtaje Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kupeleka huduma mahali ambapo kampuni hazioni faida ya kibiashara. Katika barua hiyo ombeni 4G kwa kuitaja, kwa sababu mnara wa 2G, ule wa simu na ujumbe mfupi, hautafanya lolote kati ya haya niliyoyaeleza. Baada ya hapo, shule, zahanati na AMCOS zikubaliane kuchangia gharama ya laini moja nzuri na sola ya kuiendesha, na kijana mmoja aliyefundishwa alipwe kwa kuwahudumia wasiojua kutumia mifumo.