Taiming belti haipigi hodi

Mara ya mwisho niliandika kuhusu feni belti zinazolia asubuhi. Tangu hapo simu haijapumzika, na maswali mengi yamehamia kwa ndugu yake, ule mkanda wenye meno uliojificha nyuma ya kava. Kazi yake ni moja: kuunganisha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti inayofungua valvu), ili krenki ikizunguka mara mbili kamshafti izunguke mara moja, valvu, yaani milango ya hewa na moshi ya injini, zifunguke na kufunga kwa zamu. Nimejibu maswali matano.

Fundi habari. Nina IST ya 2003. Gereji moja wameniambia imepitiliza muda wa kubadili taiming belti. Ni kweli? (Dada wa Nkuhungu)

Dada, IST haina taiming belti. Injini zake, 1NZ na 2NZ, zinatumia cheni, na cheni haina ratiba ya kubadilishwa kila baada ya kilomita fulani. Ipe oili safi kwa wakati. Siku ukiwasha asubuhi ukasikia mkwaruzo upande wa mbele ya injini, hapo njoo tuongee. Aliyekuambia, mwombe akuonyeshe huo mkanda uko wapi. Inawezekana alimaanisha feni belti, inayozungusha alteneta. Hiyo ipo na inachakaa. Inawezekana pia hakumaanisha hiyo.

Kwa faida ya wengine: Vitz, Probox na RAV4 za kuanzia 2000 ni cheni. Corolla 110, Starlet, Noah ya SR40, RAV4 ya kwanza, Mark II GX100, Hilux za 3L na 5L, Prado ya 1KZ na Subaru za EJ20 ni mkanda.

Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, Kondoa. Nina Corolla 110, mimi ni mmiliki wa tatu. Dashibodi inasoma kilomita 96,000. Nasikia mkanda unabadilishwa laki moja. Nisubiri hizo elfu nne?

Shikamoo mwalimu. Usisubiri.

Laki moja ni hesabu sahihi, lakini inaanza siku mkanda ulipofungwa, na siku hiyo wewe hukuwepo. Corolla 110 za Japani zilitengenezwa kati ya 1995 na 2000. Gari la umri huo lenye kilomita 96,000, ama lililala sana ama kuna mtu alizirudisha nyuma. Kwa mkanda yote mawili ni mabaya, maana mpira unazeeka hata gari likiwa limesimama chini ya mwarobaini, na joto na vumbi letu la huku havisaidii, hasa kama kava ya plastiki imepasuka au fundi aliyepita alibakiza bolti mbili mfukoni. Mimi nahesabu miaka mitano hadi saba, au kilomita laki moja, kinachotangulia.

Kabla hujatoa hela, fungua boneti utafute stika ndogo yenye maandishi ya Kijapani, mara nyingi iko juu ya kava ya taiming au karibu nayo. Mafundi wa kule wakibadilisha mkanda huandika tarehe na kilomita. Mwaka unaweza kuwa kwa hesabu yao: 15 ni 2003, kwa hiyo jumlisha 1988 kwenye namba utakayoiona. Ukikuta stika imeandikwa kilomita 103,000 na dashibodi yako inasema 96,000, umeshapata jibu la maswali mawili kwa mpigo.

Najua utaniuliza kama tunaweza kufungua kava tuutazame kwanza. Naomba nikusimulie langu. Nilikuwa na 110 kama yako, na mimi ndiye fundi. Nikafungua kava ya juu, nikaumulika mkanda kwa tochi: mweusi, laini, hauna ufa. Nikarudisha kava, hela ya mkanda nikalipia ada ya mtoto. Haikupita miezi miwili, nikiwa nimeiacha Bahi naelekea Manyoni, spidi kama 80, injini ikanyamaza. Hakuna mlio, hakuna moshi. Nikapiga stata, ikazunguka mbio na kwa wepesi wa ajabu, kama mashine ya kusaga isiyo na mahindi. Wepesi ule ukiusikia mara moja huusahau: silinda hazishindilii upepo. Nikafungua kava. Mkanda ulikuwepo, mzima, haujakatika popote. Lakini kule chini kwenye krenki meno kama matano yalikuwa yamenyolewa kabisa, pamebaki kitambaa. Nilichokuwa nimekimulika ni mgongo wa mkanda. Meno yako ndani.

Nilivutwa hadi Bahi na fuso la vitunguu. Bahati yangu, na yako mwalimu, ni kwamba kwenye injini ya 5A-FE ya hizi 110 zetu mkanda ukikatika valvu hazikutani na pistoni. Nilifunga mkanda mpya, nikawasha, nikaondoka. Si kila injini ina huruma hiyo, nitaeleza chini.

Fundi wangu kanitajia mkanda, halafu tensheni, halafu waterpampu, halafu oili sili. Nahisi napigwa. (Dereva wa Noah SR40, Kibaigwa)

Hupigwi. Tensheni ni puli inayoukaza mkanda, waterpampu inasukuma maji ya kupoza injini, na oili sili inazuia oili isivuje. Kwenye injini yako ya 3S, mkanda huo huo ndio unaozungusha waterpampu. Beringi ya pampu ikikwama mwezi ujao, inakula mkanda mpya, na ufundi utalipa upya kuanzia bolti ya kwanza. Oili sili za kamshafti na krenki ziko hapo hapo nyuma. Zikivuja zinaulowesha mpira oili, na mpira uliolowa haumalizi safari yake. Bei za vitu hivi sitazitaja maana zinabadilika, ila ufundi ni ule ule ukibadilisha kimoja au vinne.

Kama bado una wasiwasi, dai vya zamani. Shika tensheni uizungushe kwa kidole. Ikikwaruza, au ikizunguka ovyo kama imekauka grisi, basi ilikuwa imekwisha. Ule mkanda mpya uweke sambamba na wa zamani uhesabu meno, idadi iwe sawa. Usione aibu mbele ya muuza spea. Usiukunje uingie kwenye mfuko wa suruali, nyuzi za ndani zinavunjika. Na mkanda uliotoka kwenye injini ya mtumba usiukubali hata ukipewa bure. Hata ukinunua injini nzima ya mtumba, badilisha mkanda ikiwa bado iko chini, kazi ya saa chache.

Prado yangu ya 1KZ imewasha taa ya T-BELT. Fundi ameizima kwa dakika mbili, akasema nitembee tu. (Mkuu mmoja wa Ihumwa)

Amezima taa. Mkanda ni ule ule.

Taa hiyo haiuoni mkanda, inahesabu kilomita tu. Ikifika laki moja inawaka, na kuna mahali pa kuirudisha ili ianze kuhesabu upya baada ya mkanda mpya kufungwa. Ukinunua Prado ambayo taa haijawaka, hiyo nayo haikuambii kitu, huenda ilishazimwa kama yako. Na hapa hakuna huruma ya 5A. Kwenye dizeli pistoni inapanda hadi karibu kabisa na valvu, mkanda ukikatika vinagongana, na utafungua silinda hedi. Mkanda huo pia unazungusha pampu ya dizeli. Kama una safari ya Mwanza, usiupande mlima wa Sekenke kabla hujaubadilisha.

Nimebadilisha mkanda wa RAV4 (3S-FE) juzi. Sasa inatetemeka kwenye sailensa (ikiwaka bila kukanyaga mafuta), haivuti, na mafuta inakunywa. Kabla haikuwa hivyo. (Area D)

Jino moja. Huenda mawili. Mkanda umekaa pembeni ya alama, valvu zinafungua kabla au baada ya wakati wake. Rudisha kwa fundi huyo huyo leo, na usikubali akiishia kuzungusha distibuta, kile kinachogawa moto kwenye plagi. Kufanya hivyo kunapunguza mtetemo kidogo na kukufanya uondoke, lakini kosa linabaki ndani.

Simama pembeni uangalie. Mkato wa puli ya krenki ukae kwenye sifuri iliyoandikwa kwenye kava, na tundu dogo la puli ya kamshafti litazamane na alama ya kifuniko cha beringi nyuma yake. Alama zikikubaliana, kazi bado haijaisha. Aweke spana kwenye bolti ya krenki azungushe kwa mkono, mwelekeo wa saa, mizunguko miwili kamili. Miwili, kwa sababu kamshafti inakwenda nusu ya mwendo wa krenki. Kisha atazame alama tena. Mara nyingi jino linaruka hapa, mkanda unapojivuta upande wa tensheni, na anayewasha kwa stata bila kuzungusha kwa mkono halioni. Kwenye RAV4 yako atakuwa amepoteza mchana tu. Angefanya hivyo kwenye Subaru EJ20, ambazo nyingi valvu zake zinafikiwa na pistoni, stata ingeweza kuzipinda kabla hajatoa mkono kwenye ufunguo. Kwa mkono, ukigota unasikia, unaacha, unarudi kutazama alama.