Nikope kikoba ili nipande ngazi?

SWALI: Shikamoo mhasibu. Niko Kasulu, nauza losheni, sabuni na dawa za meno za kampuni moja ya biashara ya mtandao, ile ya kuuza bidhaa na kuingiza watu chini yako. Nilijiunga miezi sita iliyopita kwa kifurushi cha shilingi 450,000, na kila mwezi nanunua bidhaa za 120,000 ili nibaki hai kwenye mfumo. Chini yangu nina watu 14, mwezi uliopita walinunua jumla kama 1,120,000. Tangu nianze nimelipwa bonasi 310,000 na nimewauzia majirani bidhaa za 240,000. Aliyeniingiza anasema nikinunua za 600,000 kabla mwezi haujaisha nitapanda ngazi, bonasi itatoka asilimia 8 iwe 12. Kikoba chetu kinakopesha kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, unarudisha kwa miezi mitatu. Hesabu inakubali? Kampuni imesajiliwa na inakua kwa kasi sana, mwaka huu imefungua ofisi mikoa mingine.

JIBU: Marahaba. Haikubali, wala haikaribii.

Ukikopa 600,000, riba ya miezi mitatu ni 90,000, kwa hiyo kikoba kinakudai 230,000 kila mwezi. Ngazi mpya inakuongezea asilimia 4 ya manunuzi ya watu wako, yaani 44,800, na hapo nimewahurumia: nimechukulia kwamba wote 14 watanunua tena kiasi kile kile na hakuna hata mmoja aliyepanda ngazi, manunuzi yake yakatolewa kwenye hesabu yako. Mwezi wa kwanza utapata pia asilimia 12 ya zile 600,000 zako, 72,000, mara moja tu. Jumla 116,800. Ni nusu ya rejesho la kwanza. La pili na la tatu utalipa na nini?

Utaniambia bidhaa utaziuza. Kwa miezi sita umeuza za 240,000, wastani wa 40,000 kwa mwezi. Kwa mwendo huo mzigo wa 600,000 utaisha baada ya miezi 15, na hapo sijagusa ulionao kabatini. Kifurushi na manunuzi ya miezi sita, umeshatoa 1,170,000; bonasi na mauzo, zimerudi 550,000. Zile 620,000 zilizobaki ni losheni za kujipaka wewe na wanao.

Hayo ya hesabu yameisha. Linaloniudhi ni sentensi yako ya mwisho, maana naisikia kila wiki hapa Kigoma, Mwanga, Ujiji, Mwandiga, kwa walimu, manesi na mama wa magengeni: kampuni inakua. Sawa, inakua. Lakini inakua kwa manunuzi ya nani?

Chukua mfano wa kubuni. Mwezi huu wamejiunga watu 100, kila mmoja kwa kifurushi cha 300,000. Kampuni imeuza milioni 30. Mwezi ujao 80 kati yao wamekata tamaa, lakini wameingia wapya 120. Vifurushi tu vimeingiza milioni 36. Kwenye semina mtaonyeshwa mchoro uliopanda kwa asilimia 20 na ukumbi utapiga makofi. Wale 80 hawamo kwenye mchoro, na hakuna aliyeuliza kama kuna mtu yeyote nje ya ukumbi ule aliyenunua hata kipande cha sabuni. Kampuni ya namna hii inaweza kukua miaka mingi huku kila kundi linaloingia likitoka na hasara, maana mteja wake ni wewe. Wewe ndiye soko.

Mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi anajua kwamba mwisho wa safari yuko mtu wa kula, na huyo mlaji haambiwi kwamba lazima naye auze dagaa. Hicho ndicho kipimo. Hata Marekani, zilikozaliwa nyingi ya kampuni hizi, mamlaka zimeng'ang'ania hapo hapo. Mwaka 1979 kampuni ya Amway iliponusurika kuitwa piramidi, yaani mpango wa kuwalipa wa juu kwa fedha za wanaoingia, moja ya sababu ilikuwa kanuni zake za kuwataka wauzaji wauze kwa wateja halisi badala ya kurundika mali. Mwaka 2016 nyingine, Herbalife, ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadili mfumo wake, ili sehemu kubwa ya malipo ya wauzaji itokane na mauzo yaliyothibitishwa. Na mwaka 2024 maofisa wa Tume ya Biashara ya huko walipitia taarifa za mapato 70 za kampuni za aina hii, wakakuta katika nyingi walio wengi hupata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka, kabla hata ya kutoa gharama zao. Hizo ni taarifa ambazo kampuni zimeandika zenyewe.

Halafu hilo la kusajiliwa. BRELA, wakala wa usajili wa biashara, inasajili jina na kampuni. Haikagui kama mpango wa bonasi utakulipa. TIN, namba ya mlipakodi, inakufanya ulipe kodi. TBS, shirika la viwango, ambalo ndilo linalosimamia vipodozi tangu 2019, linaangalia losheni, haliangalii ngazi zenu. Anayekupungia cheti cha BRELA kama ushahidi wa faida ama hajui, ama anajua vizuri sana.

Kibaya zaidi, bidhaa ikigoma kuuzika, inageuzwa dawa. Nimesikia dawa ya meno ikinadiwa hapa Kigoma kwa vidonda vya tumbo, kuungua moto na presha. Dawa husajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na dawa ya meno ni ya meno. Muuzaji anayemwambia mgonjwa wa kisukari aache vidonge anunue kifurushi hastahili kuitwa mjasiriamali.

Na msiniambie "kila mtu aingize watano tu". Anza na mmoja, aingize watano, nao watano watano. Ngazi ya tisa ikijaa, jumla yenu ni 2,441,406. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa mzima wa Kigoma na watu kama milioni 2.47, vichanga wakiwemo. Nani atamuuzia nani? Waliopoteza akiba kwenye upatu wa DECI mpaka ulipozuiwa 2009 nao waliambiwa wapande mbegu, yaani fedha zao, wavune. Kanuni ya Adhabu inakataza upatu wa piramidi, na kuweka sabuni katikati hakutoshi kuusafisha kama fedha yenyewe inatoka kwa wanaoingia.

Kwa hiyo usikope. Acha pia yale manunuzi ya 120,000. Ukitolewa kwenye mfumo kwa kutonunua, utakuwa umeona unalipwa kwa lipi. Soma mkataba wako sehemu ya kurudisha mali: nyingi ya kampuni hizi zina kipengele cha kununua tena bidhaa ambazo hazijafunguliwa, wakikata asilimia fulani, ndani ya muda maalumu. Andika barua, ipeleke ofisini kwao, wakugongee muhuri kwenye nakala yako. Kusema kwa mdomo na aliyekuingiza hakutoshi, maana ukirudisha mali naye huenda akakatwa bonasi yake. Wape taarifa wale 14 mapema, kabla nao hawajaenda kukopa. Na usifungue tena kopo hata moja kwa ajili ya kuonjesha watu.