PT ya mwaka wa kwanza: mdogo wako aende kiwandani

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako, aliyemaliza mwaka wa kwanza wa uhandisi umeme, aende PT (mafunzo kwa vitendo) kiwandani Morogoro au atafutiwe mtu wa kumgongea muhuri kana kwamba alikwenda, ili abaki nyumbani akisoma masomo ya mwaka wa pili. Aende. Mimi wiki zangu nane za kwanza nilizipoteza, na hadi leo zinaniuma.

Niliangukia ofisi moja jijini. Kazi ikawa kutoa kopi na kupeleka mafaili. Sikuomba kuhamishiwa karakana, na logibuku, daftari la kuandika kazi za kila siku, niliijaza siku mbili za mwisho kwa kukisia. Nikarudi chuoni na muhuri, bila swali hata moja kichwani.

Mwaka wa pili nikaenda kiwanda cha mafuta ya kula. Usiku mmoja mota ya pampu ikaanza kuunguruma vibaya na kupata moto. Fundi akiwa pembeni, nikapima volti kwenye boksi la mota: fezi kwa fezi, yaani kati ya nyaya tatu zinazoleta umeme kwenye mota, zote zinakaribia 400. Nikamwambia umeme umekamilika. Yule mzee hakukanyaga chuo kikuu, lakini alichukua mita ile ya kukumbatia waya, akapima ampea. Waya wa kwanza umezidi, wa pili umezidi, wa tatu sifuri. Akazima mota. Fyuzi moja ilikuwa imeungua.

Sikulala vizuri. Volti inatoka wapi kwenye waya ambao fyuzi yake imekatika? Mzee alijua kwamba hutokea, ila hakuweza kunieleza sababu. Jibu nililikuta darasani mwaka wa tatu, kwenye mota za induksheni: mota iliyokwisha kushika mwendo ikipoteza fezi moja inaweza kuendelea kuzunguka, na rota yake, ile sehemu inayozunguka, huzalisha volti kwenye koili iliyokosa umeme. Wenzangu walikuwa wananakili milinganyo kwa ajili ya mtihani. Mimi nilikuwa naisikia ile pampu.

Hiyo ndiyo faida ninayoiona. Kiwanda kinakupa swali, darasa linakupa sababu, na kimoja bila kingine ni nusu ya kazi. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1906, Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, Herman Schneider alianza na wanafunzi 27 wa uhandisi, wiki moja darasani, wiki inayofuata kiwandani, wakipokezana. Kwetu wiki nane naona ni chache mno. Mafundi wakianza kukuamini, muda wa barua yako ya PT umeisha. Na asijidanganye kwamba atajifunzia yote akishahitimu, kwenye SEAP, mafunzo kazini ya miaka mitatu ya wahandisi wahitimu chini ya ERB, bodi ya usajili wa wahandisi. Ile miaka mitatu ni ya kukomaa, na anayefika hajawahi kushika spana huanza nyuma sana.

Akifika, aombe idara ya matengenezo siku ya kwanza, hata kama wamempangia ofisini. Aombe na zamu ya usiku, kwa sababu mabosi hawapo na fundi ana muda wa kumwelekeza. Logibuku aiandike kila jioni, na kurasa za nyuma aziachie maswali ya kwenda kumuuliza mwalimu. Ada ikibaki chochote, mnunulie buti za usalama kabla hajaondoka. Kule kwetu mwanafunzi hakupewa.